HAJAMALIZA KAZI, LAKINI ALIFANYA KAZI

Ndugu Wanachama,

Neno limeingia katika tawi letu nalo limetugawa. Sisi wanachama tuliochanga fedha tukajenga vyumba vya kupangisha pale Lucky Summer tumeletewa bili na fundi wa mabomba. Bili imekuja miezi 14 baada ya fundi huyo kuondoka, na kazi yenyewe aliiacha katikati. Wako wasemao asipewe hata senti moja. Wako wachache wasemao apewe zote ili maneno yaishe. Na wako waliokwisha kufungia vyombo vyake vya kazi ndani ya stoo. Sisi tuandikao karatasi hii twasema ya kuwa wote hao wamekosea, na twataka mkutano uamue kwa hesabu wala usiamue kwa hasira.

Kwanza mambo yenyewe, asiwepo wa kusema hakuelezwa.

Tulipatana ujira wa Sh. 48,000/-, vifaa vyote viwe vyetu. Fundi akapewa Sh. 20,000/- siku ya kuanza. Akapandisha tangi, akalaza mabomba yote ya chini, na ya ghorofani akayafikisha ukutani. Kisha akapata kazi kubwa zaidi upande wa Ruiru, akaenda bila kuaga. Tulingoja wiki 6, simu haishikwi. Tukaita fundi wa pili. Huyo alifunga sinki, vyoo na koki kwa Sh. 15,000/-, na akarekebisha viungo vilivyokuwa vikivuja kwa Sh. 2,000/-. Sasa fundi wa kwanza ameleta bili ya Sh. 28,000/-, yaani salio lote, kana kwamba alimaliza.

Haya tuyapime maneno ya wale wanaokataa, moja baada ya moja.

NENO LA KWANZA: "Hajamaliza, basi hapati."

Neno hili ni la zamani sana, nalo halikuzaliwa kinywani mwa mfanya kazi. Mwaka 1793 baharia mmoja, jina lake Cutter, alipanda meli huko Jamaica kwenda Liverpool. Aliahidiwa gini 30 akitimiza kazi yake mpaka bandarini. Alifanya kazi wiki kadhaa, akafa baharini kabla ya kufika. Mjane wake akadai ujira wa siku ambazo mumewe alifanya kazi. Mwaka 1795 mahakama ya Uingereza ikamjibu ya kuwa safari haikutimia, kwa hiyo hakuna malipo. Meli ilifika, na mjane akaenda mikono mitupu.

Mwaka 1898 ikaja kesi inayofanana na yetu zaidi. Mjenzi aitwaye Sumpter alipatana kujenga nyumba mbili na banda la farasi kwa pauni 565. Akafanya kazi ya pauni 333, fedha zikamwishia, akaacha. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe. Mahakama ikasema mjenzi hawezi kudai zaidi kwa kazi aliyoiacha, ila alipwe vifaa vyake ambavyo mwenye kiwanja alivitumia.

Twazitaja kesi hizi kwa sababu ndugu mmoja alisimama mkutanoni akasema sheria iko upande wetu. Ni kweli sheria yetu ya mikataba, Sura ya 23, imejengwa juu ya sheria ya Waingereza, na wakili hodari aweza kuzitumia kesi hizo tusitoe kitu. Lakini ndugu huyo hakusoma mpaka mwisho. Mwaka 1952 mahakama hiyohiyo ya rufani ya Uingereza ilisikia kesi ya fundi aliyetengeneza nyumba kwa pauni 750, akamaliza na kasoro kidogo. Mwenye nyumba akakataa kulipa salio. Mahakama ikamwamuru alipe, akate tu gharama ya kurekebisha, iliyokuwa pauni 55 na ushei. Kesi hiyo si sawasawa na yetu, maana yule fundi alikuwa amekaribia kumaliza na wetu aliondoka mapema. Lakini yaonyesha njia ya haki: pima kilichofanyika, kata kilichobaki, lipa tofauti.

Tena, ndugu, sisi tuna historia yetu wenyewe. Enzi za ukoloni kibarua wa shamba hapa Kenya alipewa tiketi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya ilitiwa alama, na mshahara ulitoka tiketi ikijaa. Nyapara akisema kazi ya leo haikutimia, siku hiyo haikuandikwa. Mtu alilima kutwa, jua likazama, na katika karatasi ikawa hakuja kazini. Wazee wetu waliuchukia mpango huo. Leo Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 18, yasema ya kuwa mwajiriwa wa kazi ya kupimiwa hulipwa mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyofanya, hata kama kazi yote haijaisha. Fundi huyu si mwajiriwa wetu kwa sheria hiyo. Ni mtu wa mapatano. Lakini je, kanuni tunayoidai kwa mwajiri wetu tuitupe jalalani siku sisi tunapokuwa wenye kutoa fedha?

Tazameni kazi yetu ya kila siku. Abiria amepanda treni kwenda Ruiru, ikaharibika Dandora akashuka. Hawezi kudaiwa nauli ya kufika Ruiru. Lakini akisema hakusafiri hata kidogo, nani atamwamini, naye amesimama Dandora?

NENO LA PILI: "Amekawia, deni limekufa."

Deni halifi kwa kulala. Sheria ya Kenya, Sura ya 22, yampa mtu miaka 6 kudai haki yake ya mapatano. Miezi 14 ni mbali na miaka 6. Na sisi watu wa mshahara tuone haya kusema neno hili. Malipo ya saa za ziada yakicheleweshwa mwaka mzima, tunasema yamekufa? La. Tunakimbilia ofisi ya chama, na sheria ya kazi yatupa miaka 3 ya kudai.

Serikali yenyewe mwaka 2023 iliunda kamati ya kukagua madeni iliyodaiwa na wakontrakta, yaliyolimbikizwa tangu mwaka 2005. Kamati haikuundwa ili kusema deni la zamani limeoza. Iliundwa kukagua lipi ni la kweli na lipi ni la uongo. Twaweza kuilaumu serikali kwa kuchelewa, lakini kanuni ya kukagua kwanza ni njema, nasi tuishike.

Kukawia kuna dosari yake, hatukatai. Aletaye bili baada ya miezi 14 hawezi kutaka alipwe kesho asubuhi, maana fedha zilikwisha kupangiwa mambo mengine. Hiyo ni sababu ya kumpa tarehe. Haiwi sababu ya kumnyima.

NENO LA TATU: "Huyu ni kontrakta, si mfanya kazi mwenzetu."

Kontrakta gani? Kontrakta mwenye begi moja, spana ya bomba, na kijana wa kumsaidia ambaye lazima alipwe kila jioni, fundi awe amelipwa au hajalipwa. Wengi wa mafundi wanaopita Lucky Summer, Baba Dogo na Korogocho ni watu wa namna hii. Hawana mshahara wa mwezi, hawana likizo, hawana chama cha kuwaandikia barua. Wako baadhi yetu ambao siku ya mapumziko nao hushika begi wakaenda kutengeneza taa au kupiga welding mitaani. Wakidhulumiwa huko, waje kwetu wakilia, na sisi tuwajibu kwamba wao ni makontrakta?

NENO LA NNE: "Tukimlipa, mafundi wote watajifunza kuacha kazi."

Hili ndilo neno lenye nguvu, nasi twalijibu kwa heshima. Fundi anayeondoka bila kuaga anatesa watu. Wapangaji walikaa wiki 6 wakichota maji kwa mitungi. Lakini hesabu yetu tayari imemwadhibu. Sh. 17,000/- zilizokwenda kwa fundi wa pili zinatoka katika ujira wake wala hazitoki mfukoni mwetu. Atakayefundishwa kuacha kazi ni yule atakayelipwa zote. Ndiyo maana twawapinga pia wale ndugu wenye huruma wanaosema tutoe Sh. 28,000/- ili maneno yaishe. Fedha zile ni jasho la wanachama. Kumlipa mtu kwa sinki ambalo hakulifunga ni kumnyang'anya mwanachama aliyechanga.

Sasa hesabu. Mapatano Sh. 48,000/-. Toa Sh. 17,000/- za kumalizia na kurekebisha. Yabaki Sh. 31,000/-, ndiyo thamani ya kazi yake kwetu. Toa Sh. 20,000/- alizokwisha kupokea. Yabaki Sh. 11,000/-. Hizo ndizo haki yake, na maji yanayopanda kwenye tangi lile kila asubuhi ni shahidi.

KUHUSU VYOMBO

Vyombo vilivyofungiwa stoo virudishwe leo, kabla ya mkutano, bila sharti. Tangu miaka ya 1920 mfanya kazi Mwafrika alitembea na kipande shingoni, na mwajiri akikataa kutia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kupata kazi kwingine. Kumfungia fundi spana yake ni jambo lilelile. Deni ni jambo moja. Kumkata mtu mkono wa kujitafutia chakula ni jambo jingine. Tena twaambiwa mahakamani hilo litatugeukia sisi.

TUNALOLITAKA MKUTANO UPITISHE

1. Fundi aitwe, akague kazi pamoja na watu watatu tutakaowachagua, na aonyeshwe risiti na ujumbe wa M-Pesa wa fundi wa pili.

2. Akikubali hesabu, alipwe Sh. 11,000/- kabla ya mwisho wa mwezi, na atie sahihi kwamba hadai tena.

3. Akikataa, tusipigane wala kutukanana. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani mwaka 2021. Yasikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000/-, mtu aweza kujisemea bila wakili, na sheria yataka kesi iishe ndani ya siku 60. Na aende, nasi tutakwenda na daftari letu. Lakini zile Sh. 11,000/- ziwekwe kando tangu sasa, zisiguswe.

4. Kazi zote zijazo ziandikwe: ujira, tarehe ya kuanza, na malipo kwa hatua. Mabomba ya chini yakiisha, kiasi fulani. Ya ghorofani yakiisha, kiasi fulani. Maji yakifunguliwa na hakuna kinachovuja, salio. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu, tumezoea kukaa upande mmoja wa meza, upande wa mwenye kudai. Safari hii tumekaa upande wa pili, na fundi amesimama mbele yetu na karatasi mkononi, kama sisi tusimamavyo mbele ya wakubwa wetu. Kila neno tutakalomwambia, ofisi ya mwajiri yaweza kuturudishia kesho. Tukimwambia "hujamaliza, huna kitu", tusishangae tukiambiwa hivyohivyo.

Waliojenga chama hiki walidai ujira kwa kazi iliyofanyika. Hawakusema kazi ya nani.

Njoni mkutanoni, piga kura kwa hesabu.

Wenu katika umoja,
Wanachama wa ploti ya Lucky Summer