MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Ndugu wafanya kazi,

Leo sitasema juu ya mshahara, bali juu ya ushahidi wa mshahara, ambao wengi wetu tumeutia ndani ya simu na hatuna mahali pengine.

Mwaka 2023, kabla sijaingia reli, nilikuwa kwa tajiri mmoja wa kupakia mizigo. Tulifanya kazi ya saa za ziada miezi minne bila kulipwa. Kila jioni msimamizi alitia sahihi karatasi ya saa, nasi tuliipiga picha kwa simu. Nikajiona nimejikinga. Siku moja nimekaa karibu na dirisha la matatu, mkono ukaingia, simu ikaenda. Zilikwenda picha zote za karatasi zile, na mkataba wangu, na picha za marehemu mama yangu ambazo hata leo sijazipata.

Tulipokwenda kudai, tuliambiwa karatasi za ofisini hazionekani. Hati zangu za mshahara zilikuwa zikiletwa kwa barua pepe ya kazi, na siku niliyotoka waliifunga. Mwenzangu alikuwa ametia picha zake katika flashi, akampa dada yake aiweke. Yeye alilipwa. Mimi nilirudi mikono mitupu. Kazi moja, jasho moja, malipo mbali mbali.

Wako watakaosema kwamba sheria inamlazimisha mwajiri kuweka maandishi. Ni kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mfanya kazi apewe hati ya mshahara yenye maelezo, na mwajiri aweke habari za mkataba miaka 5 baada ya kazi kwisha. Lakini je, ni akili kumwachia daftari la deni mtu yule yule unayemdai? Tena madai mengi ya kazi hupewa miaka 3 tu. Ukiimaliza kwa kutafuta karatasi, haki yako imelala.

Sisi wa reli hatukuanza jana kujua maana ya nakala. Wazee waliotufundisha kazi waliandika hati ya mzigo juu ya karatasi ya kaboni: nakala moja huenda na mzigo, nyingine hubaki stesheni. Hakuna aliyeona ni taabu. Basi kwa nini mali ya tajiri iwe na nakala mbili, na haki yako wewe iwe na moja?

Yuko mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyeeneza kanuni nyepesi: nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na 1 kati yake iwe mbali na nyumbani. Kwetu sisi yatosha hivi: ya kwanza katika simu, ya pili katika flashi iliyo kwa ndugu unayemwamini, ya tatu katika akaunti yako mwenyewe ya intaneti. Mafuriko ya Nairobi ya Aprili 2024 yaliingia katika nyumba za watu wengi. Simu na flashi zikiwa katika sanduku moja, maji huzichukua pamoja.

Jihadharini na mambo haya. Memori kadi iliyo ndani ya simu si nakala, maana mwizi huenda nayo. Akaunti ya Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, na barua za Gmail zimo humo humo. Ikijaa, picha mpya haziendi, nawe hujui. Ukifuta picha katika Google Photos ili simu ipate nafasi, inafutika na kule pia, ila hukaa katika pipa la taka siku 60. Akaunti isiyoguswa miaka 2 yaweza kufutwa. Ukitumia mashine ya saiba, toka katika akaunti yako kabla hujainuka kitini. Nywila iandike katika daftari la nyumbani, usiitie katika simu ile ile.

Tena nakala isiyofunguliwa si ya kutegemewa. Mimi sasa nimeweka desturi: siku ya mshahara, kabla sijalipa duka, natia hati ya mwezi ule mahali pote patatu, kisha nafungua moja ya zamani nione kama yasomeka. Ni kazi ya dakika kumi. Mkataba, barua za onyo, karatasi za hospitali ukiumia kazini, na cheti cha utumishi ukiacha kazi, vyote nafanya hivyo hivyo. Na picha za watoto pia, kwa maana hizo hakuna korti ya kuzirudisha.

Kwa maoni yangu kila tawi la chama lichague kijana mmoja anayejua mambo haya, awasaidie wazee wetu siku ya mkutano. Mwakilishi wetu akiingia kwa mwajiri na hati mkononi, husikilizwa. Akiingia na maneno matupu, huambiwa arudi kesho.

Akiba haiozi, ndugu zangu. Mwisho wa mwezi huu msingoje.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Nairobi