Barua Mkononi mwa Ludovico

Mume wangu alikuwa ameshamaliza miezi tisa Milan kimasomo nilipomfuata kwa likizo ya wiki mbili. Si unajua matarajio ya mtu aliyelala peke yake miezi tisa! Lakini siku ya nne tulikuwa tumeshanuniana. Hakukuwa na ugomvi wowote, ila kila nikimgeukia namkuta anasoma kitu kwenye simu. Nikiuliza, "Kazi tu, mama." Haya.

Jumamosi akasema twende Mantova tukaone jumba la ukoo wa Gonzaga, watawala wa zamani wa mji ule. Ni mwendo wa kama saa mbili kwa treni, na nadhani tulizungumza dakika kumi tu. Jumba lenyewe ni balaa: vyumba kama 500, makumbi, ngazi, ua ndani ya ua. Nilikuwa nimevaa viatu virefu, kosa langu mwenyewe, na hadi tunafika upande wa ngome sikutamani kitu zaidi ya kiti.

Halafu tukaingia kwenye kile chumba. Wanakiita Camera degli Sposi, yaani Chumba cha Wanandoa, ingawa jina hilo lilikuja baadaye. Si kikubwa, kama mita 8 kwa 8 hivi. Andrea Mantegna alikipaka picha kuanzia 1465 hadi 1474. Miaka tisa, chumba kimoja! (Fundi wetu wa rangi alichukua miezi miwili kwa sebule nikadhani anatuchezea.) Ukiinua macho, dari limechorwa kama lina tundu linaloonyesha anga, na akina dada wanakuchungulia kutoka juu, wakicheka, pembeni yao pipa la mche limeegeshwa kwenye kijiti kimoja. Unajikuta unasogea lisije likakuangukia.

Ukutani amekaa Ludovico Gonzaga na mkewe Barbara, wamezungukwa na watoto na watumishi. Hakuna mbwembwe. Baba wa watu kavaa joho la nyumbani, mbwa kajilaza chini ya kiti chake. Barbara ni mama mnene mwenye uso mpana, na mchoraji hakumrembesha hata kidogo. Alitolewa Ujerumani akaolewa mwaka 1433 akiwa bado mtoto. Ludovico alikuwa kamanda wa kukodiwa, mtu wa safari, na akiwa hayupo Barbara ndiye aliyeshika usukani wa nchi. Waliandikiana barua nyingi, na zimehifadhiwa mpaka leo.

Kilichonikamata ni mkono wa Ludovico. Ameshika barua, kamgeukia karani wake wananong'onezana. Mke yuko hapo hapo, kiti cha jirani!

"Hiyo barua inasemaje?" nikauliza.

Mume wangu akafungua kijitabu. Wapo wataalamu wanaoamini ni ile iliyomfikia mwanzoni mwa 1462, kumwita Ludovico haraka Milan kwa sababu mtawala wa kule, Francesco Sforza, aliyekuwa akimtumikia, alikuwa mgonjwa. Alipolitamka hilo neno Milan sauti yake ikapungua. Jamani, mke anajua.

"Na yako?"

Akanyamaza. Nikatazama juu, wale akina dada bado wanacheka.

"Wamenipa mwaka mmoja zaidi," akasema. "Nina wiki ya pili nayo. Nilitaka kwanza tufurahi."

Muda wetu ukaisha, maana watu huingia kwa makundi, tukaombwa tupishe wengine. Mwaka 2012 tetemeko la ardhi lilikiharibu chumba hiki, kikafungwa hadi 2015, kwa hiyo wanakitunza kama yai. Nilitoka nikiwa na hasira, lakini si na mwaka wenyewe. Kuhusu mwaka tungepanga: mtoto yuko kwa bibi yake, kazi yangu ipo. Lakini wiki mbili nzima nimekuwa nikimpangia mtu karamu ya kurudi nyumbani, na yeye anaitikia "sawa"?

Kwenye treni alinipa simu. Nikamrudishia, nikamwambia aisome mwenyewe, kwa sauti, kuanzia salamu. Ilikuwa kwa Kiitaliano, ikabidi atafsiri sentensi moja moja. Tulipofika Milan alikuwa hajamaliza, maana kila mstari nilikuwa na swali.