Michezo ama kuhariri video: prosesa ya bei ya juu si jibu kwa wote

Wanunuzi wa kompyuta za mezani wako mbele ya prosesa mbili za kampuni ya Marekani AMD. Ryzen 9 9950X, iliyotoka Agosti 2024 kwa dola 649, ina viini 16. Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba mwaka huo kwa dola 479, ina viini 8 tu. Lakini katika michezo mingi, hii ya pili ndiyo yenye kasi zaidi.

Sababu ni kache, kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa yenyewe: megabaiti 96 dhidi ya 64. Mchezo huchota data ileile mara nyingi, na kache kubwa hupunguza muda wa kungoja RAM. Kutengeneza picha za 3D ni tofauti: kazi hugawanywa kwa viini vyote, na viini 16 humaliza mapema.

Umeme pia una uzito. AMD inataja wati 170 dhidi ya 120, tofauti inayohesabiwa katika studio ya Bukavu ama Lubumbashi inayowasha jenereta.

Anayelipwa kwa picha na video achague viini 16. Anayecheza zaidi, pesa inayobaki aiweke kwenye kadi ya picha.