Nauli isizike soka ya Kitale na Bungoma

Timu inapoteremshwa daraja, mashabiki wengi hudhani kwamba imefungwa mabao mengi na hadithi imeishia hapo. Sisi wa huku Trans Nzoia na Bungoma tumejifunza vingine. Huku kwetu timu huzama kwa nauli, kwa mishahara isiyolipwa, na kwa maamuzi yanayotolewa Nairobi na watu ambao pengine hawajawahi kuabiri basi la usiku kutoka Kitale.

Ndiyo sababu nasema, bila kumung'unya maneno, kwamba ligi ya daraja la pili yafaa igawanywe kanda mbili, mashariki na magharibi, kama ilivyokuwa zamani.

Mpangilio huo si mgeni. Kwa miaka mingi klabu zilizo chini ya ligi kuu zilichezea katika kanda, na washindi wa kanda ndio waliopanda. Mwishoni mwa 2012 waliojinyakulia nafasi katika ligi kuu walikuwa Bandari ya Mombasa na Homeboyz ya Kakamega, mmoja wa pwani na mwingine wa magharibi. Baadaye klabu za nchi nzima zikatiwa katika jedwali moja la Ligi ya Supa ya Taifa. Wakuu wa soka wakajisifu kwamba sasa tuna ligi ya kitaifa kwelikweli. Gharama ya sifa hiyo ni nani anayeilipa?

Tufanye hesabu. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takriban kilomita 380. Mpinzani akiwa Mombasa, ongeza 480 nyingine, kisha ukumbuke kwamba vijana hao watarudi. Watalala wapi? Watakula nini? Viingilio vya mechi ya daraja la pili havitoshi hata kununua mafuta ya basi.

Zamani swali hilo lilijibiwa na viwanda. Soka ya magharibi ilibebwa na miwa na karatasi: Mumias, Chemelil, Nzoia, na Pan Paper ya Webuye. Kiwanda kilitoa basi, jezi na kazi kwa mchezaji. Lakini Pan Paper ilifunga milango 2009, na Mumias ikawekwa chini ya mrasimu 2019. Mwaka uo huo SoNy Sugar, mabingwa wa nchi wa 2006, walifukuzwa ligi kuu kwa kukosa kufika katika mechi tatu. Mabingwa, nasema, si timu ya mtaani.

Nzoia Sugar nayo ilipanda ligi kuu kwa msimu wa 2017, ligi ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Hata upanuzi huo haukuamuliwa uwanjani pekee. Sofapaka na Muhoroni Youth zilikuwa zimeondolewa kwa masharti ya leseni, zikarejeshwa baada ya kesi. Mashabiki wa Uwanja wa Sudi walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini 2024 Nzoia ikashuka, na Mei 2025 serikali ikakikodisha kiwanda chenyewe kwa mwekezaji kwa miaka 30. Timu iliyoegemea kiwanda haina budi sasa kutafuta mguu mwingine wa kusimamia.

Kuna watakaosema kwamba kugawanya ligi ni kuwagawanya Wakenya. Hoja hiyo siiafiki hata kidogo. Marekani na Canada, penye fedha zisizohesabika, ligi yao ya hoki ya barafu, NHL, hupanga timu zake 32 katika makundi manne kwa kufuata jiografia. Mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, msimu wa 2020/2021, timu zote saba za Canada zikatiwa kundi moja ili zisivuke. Hakuna aliyesema Canada imejitenga na dunia. Ikiwa matajiri wanaopanda ndege hupima masafa, sembuse sisi wa matatu?

Wapo pia wanaohofia kwamba kanda moja itakuwa dhaifu kuliko nyingine. Hofu hii ina uzito. Dawa yake ni bingwa wa kila kanda apande moja kwa moja, kisha wa pili wao wakutane katika mechi mbili, nyumbani na ugenini, kuwania nafasi ya tatu.

Mpango huu hauhitaji uwanja mpya wala mfadhili mpya. Unahitaji ratiba mpya tu. Timu ya Kitale ingesafiri Bungoma, Kakamega, Eldoret au Kisumu asubuhi, icheze alasiri, na wachezaji walale makwao. Mashabiki nao wangeweza kuifuata, jambo ambalo safari ya Mombasa haiwaruhusu kamwe. Shirikisho la Soka, FKF, lilete pendekezo hili mbele ya klabu kabla ratiba ya msimu ujao haijachapishwa, na klabu zenyewe zipige kura.