Raga Yetu na Mashabiki wa Msimu

Wahenga walilonga kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, raga ya Kenya ina marafiki wangapi? Tangu mashindano ya Safari Sevens yaasisiwe jijini Nairobi mwaka wa 1996, maelfu ya watu wamefurika viwanjani kuyatazama. Aidha, Shujaa walipoilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka wa 2016, nchi nzima ilishangilia. Lakini waliposhushwa daraja mwaka wa 2023, ni wangapi kati yetu tuliosalia nao? Kadhalika, mechi nyingi za ligi ya Kenya Cup huchezwa mbele ya watu wachache mno.

Kwa maoni yangu, umati wa sherehe si ushabiki. Ushabiki hukita mizizi pale ambapo wenyeji huihesabu timu kuwa yao. Kabras ya Kakamega, mabingwa wa Kenya Cup wa mwaka wa 2016, ni ithibati kuwa mchezo ulioletwa na Waingereza enzi za ukoloni unaweza kupata makao mbali na Barabara ya Ngong.

Basi sisi wanavyuo tuhudhurie mechi za vyuo vyetu hata kunaponyesha, tujifunze urefa, tuwafunze watoto wa shule za msingi, na tuutangaze mchezo huu kwa Kiswahili ili hata muuza mboga aelewe kwa nini mpira hupasiwa nyuma. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini atatuzwa na nani iwapo watu wa kwao hawapo?