Miliari inazochunga si zake: bei ya hisa ya kampuni inatoka wapi?

Mara nyingi kwenye simu kunapita ujumbe wa namna moja: kampuni fulani inachunga dola miliari na miliari, basi ununue hisa yake haraka. Wengi wanaamini kwamba kampuni inayochunga feza nyingi, hisa yake lazima iwe na bei kubwa. Haiko hivyo.

BlackRock ya New York, iliyoanza mwaka 1988, ndiyo kubwa kupita zote kwa kazi hiyo. Mwisho wa 2023 ilikuwa inachunga karibu dola miliari 10 000. Lakini hisa zake zote pamoja, kwa bei ya soko, zilikuwa karibu miliari 120 tu. Juu ya nini? Juu ile feza ni ya wenyewe: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, serikali, jamaa. Ni sawa na mutunza sanduku wa likelemba. Sanduku inajaa, lakini yeye hakutajirika.

Kampuni inakula kwenye malipo ya kazi. Mwaka 2023 BlackRock iliingiza miliari 17,9. Ni kama senti 18 kwa kila dola 100 inayochungwa. Kisha kulipa wafanyakazi, kodi na mengine, ilibakia faida ya miliari 5,5, ni kusema karibu dola 36 kwa hisa moja. Hisa hiyo iliuzwa karibu dola 810. Mnunuzi alilipa faida ya miaka 22 mbele, akiamini itaongezeka.

Imani hiyo inaweza kupungua. Mwisho wa 2021, feza zilizochungwa zilikuwa pia karibu miliari 10 000, na hisa ilipita dola 900. Mwaka 2022 masoko yalianguka, hisa ikashuka karibu dola 700. Mwisho wa 2023 miliari zilikuwa zimerudi, lakini bei ya 2021 haikurudi, kwani mapato yalikuwa yangali chini.

Tusichanganye hisa hiyo na kipande cha mfuko. Huko Dar es Salaam, kwa mfano, UTT AMIS inahesabu mali yote ya mfuko, inatoa madeni, inagawanya kwa vipande vyote, na bei inatangazwa. Mwenye kipande ana sehemu ya mali inayochungwa. Mwenye hisa ana sehemu ya kampuni inayoichunga.

Kongo haina soko la hisa, na hapo ndipo wadanganyifu wanapata njia. Wazee hawajasahau Bindo, Kinshasa, mwaka 1991: feza ya waliokuja nyuma ililipa wa kwanza, mpaka ikaanguka.

Basi kabla ya kutoa hata dola 10, kuko maswali matatu. Feza inayochungwa ni ya nani? Kampuni inakula wapi? Bei inatangazwa wapi, kila mutu aione? Asiyeweza kujibu, abaki na hisa yake.