MAMBO YA NYUMBANI: GUNIA AU KIBABA?

Fedha ya kahawa ikiingia, watu wengi wa Kilema huteremka Himo kununua mahindi. Je, yafaa kununua gunia zima, au kibaba kibaba?

Faida ya gunia yajulikana. Mahindi ya tambarare huvunwa Julai na Agosti, na bei hushuka. Masika yakifika, bei hupanda. Anunuaye kibaba kila jioni humlipa mwenye duka faida yake kila jioni.

Walakini hasara nazo zipo. Mwaka mmoja sisi tulitoa fedha yote ya kahawa, tukanunua magunia matatu, tukayaweka chini, yakiegemea ukuta. Baada ya miezi mitatu tuliyafungua, tukakuta unga wa dumuzi, na mahindi mengine yameota ukungu. Shule zilipofunguliwa hatukuwa na ada wala chakula, tukaenda kwa jirani kukopa. Tena ukungu si hasara ya fedha tu: mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, tengeni ada ya watoto kabla ya kwenda sokoni. Pili, pimeni ukavu: tieni mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikiseni, ngojeni robo saa, chumvi ikigandama chupani, mahindi hayajakauka. Tatu, wekeni gunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Au tumieni mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi akikosa hewa hufa. Nne, andikeni kila kitokacho, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini asiye na bei ya gunia afanyeje? Mwaka 1933 wazee wetu walianzisha chama cha ushirika cha KNCU, wakauza kahawa yao pamoja, hata mwenye kihamba kidogo akapata soko. Ikiwa tulijua kuuza pamoja, mbona twanunua kila mtu peke yake? Nyumba tatu zikichanga, gunia la madebe sita huzipa madebe mawili mawili, nayo huliwa kabla dumuzi hajayaharibu. Mwiteni na mjane aliye jirani yenu, naye apate kula kwa bei ya mwenye nacho.